Bi Futi na Inchi Zilizopotea

Gauni lilirudi mara ya tatu siku ya Jumanne, na safari hii halikuja ndani ya mfuko. Lilikuja limevaliwa. Mwalimu Mkuu mstaafu aliingia nalo mwilini, akasimama katikati ya vipande vya vitambaa, akatanua mikono kama mtu anayepekuliwa, akasema, "Haya. Usiniulize kitu. Tazama mwenyewe."

Bi Futi alitazama. Mbele gauni lilikuwa linafagia sakafu, nyuma limepanda likaacha miundi nje. Ungedhani limekatwa na fundi aliyefumba jicho moja.

"Lakini Mwalimu, si juzi tu nimelipunguza mbele?"

"Ulipunguza nini? Jana nimelikanyaga kwenye ngazi za maktaba, nusura nibusu sakafu mbele ya watu wanaonijua. Mimi!"

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na moja, na hilo neno "mimi" alilitamka kama wengine wanavyotamka cheo. Alikuwa ameongoza shule miaka kumi na tisa. Wanafunzi wake wa zamani, wengine wakiwa na mvi zao, bado walizima sigara wakimwona kwa mbali. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuvaa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine zaidi ya Bi Futi, ingawa kila mwaka aliapa walau mara mbili kwamba atamhama.

Jina la Bi Futi lilitokana na utepe wa kupimia, yaani futi, uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kutwa kucha. Wajukuu zake walisema anaoga nao. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na kituo cha afya, barabara tu ikivitenganisha: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka kona, na rafu ya juu ambako alitunza daftari nene la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake humo. Kifua, kiuno na nyonga alivipima upya kila mara, kwa sababu wanene hukonda na wakondefu hunenepa. Lakini mgongo wa mtu mzima, kwa kadiri alivyojua, haubadiliki. Alikuwa akipima mara moja, akaandika, akamaliza.

"Shusha mikono," alisema sasa. "Geuka."

Aliweka ncha ya utepe kwenye kinundu cha shingo, akaushusha hadi kiunoni. Akapima tena. Kisha akapima kutoka shingoni hadi kisiginoni, akaenda kwenye daftari, akavaa miwani, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Mwalimu, umepungua inchi mbili na nusu."

"Nimepungua nini?"

"Urefu."

"Watu hupungua kilo, Fundi. Hawapungui urefu. Mimi nimefundisha sayansi." Mwalimu alinyoosha kidole kwenye utepe. "Huo umechakaa. Utepe ukivutika unasoma pungufu. Huo ndio ulionipunguza, si kitu kingine."

Kwa kweli hoja ilikuwa na kichwa na miguu, na ndiyo iliyomkera Bi Futi zaidi. "Mgongo wako umeinama hapa juu," alisema, "ndiyo maana nyuma kunapanda na mbele..."

"Unaniita kibyongo?"

Mkamwana wa Bi Futi, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili akishona vifungo, aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa sindano.

"Nani kasema kibyongo?"

"Utasema nini zaidi!" Mwalimu akatoka na gauni lake mwilini, ameshika pindo la mbele kwa mkono mmoja, na kutoka barabarani akatangaza kwamba anakwenda kutafuta fundi anayejua kusoma namba.

Bi Futi alifyonya mpaka mate yakamkauka. Kisha akachukua ule utepe akapima meza ya kukatia, ambayo seremala aliitengeneza inchi sabini na mbili kamili. Ikasoma sabini na mbili kamili. Akanunua utepe mpya, akapima tena meza ileile. Sabini na mbili. Utepe haukuwa na kosa.

Kwa wiki mbili zilizofuata, kila mteja wa zaidi ya miaka sitini aliyeingia alipimwa mgongo upya, kwa kisingizio cha mtindo mpya wa kola. Walikuja tisa. Wanne walikuwa vilevile walivyokuwa kwenye daftari. Wanne walikuwa wamepungua nusu inchi, au inchi moja. Wa tisa alikuwa Bi Posta.

Bi Posta alikuwa amefanya kazi kwenye dirisha la posta miaka thelathini, akipiga mihuri na kupiga soga kwa wakati mmoja, na mpaka leo alipokuambia jambo aligonga meza kwa ngumi ndogo, ka!, kama anayelithibitisha. Alikuja kushonewa gauni la arusi ya mjukuu wake. Utepe ulimkuta amepungua inchi tatu kasoro kidogo.

"Nguo za siku hizi mnazikata ndefu, Bi Futi," alisema akicheka. "Zote nazikunja."

Bi Futi naye akacheka. Akaandika namba, akakata kitambaa kwa kipimo kipya, akanyamaza. Zile kelele za Mwalimu zilikuwa bado zinamvuma masikioni, na hakuwa na nguvu ya kugombana na mzee mwingine mwezi uleule. Ilikuwa mwezi wa tatu.

Siku yake ya kupima presha ilipofika alivuka barabara akaingia kituo cha afya. Tabibu alikuwa kijana mpole, ila macho yake yalikuwa yameoana na fomu zake.

"Mwanangu, nina swali. Mtu mzima anaweza kupungua urefu? Inchi mbili, tatu?"

"Ni uzee huo, mama."

"Mbona wengine wa umri uleule hawakupungua?"

"Mama, presha yako imepanda kidogo. Una mawazo?"

"Sikuwa nayo nilipoingia humu."

Tabibu akatabasamu, akaandika, akaita anayefuata. Bi Futi alitoka akiwa anachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Amekula chumvi ya kutosha, ameshona sare za watu wanaoitwa madaktari leo, halafu anajibiwa kama mtoto aliyeuliza kwa nini mbingu ni bluu! Alikuwa amefika kwenye mizani ya koridoni aliposikia mtu akisema, "Mama, hebu subiri. Wewe ndiye uliyesema inchi tatu?"

Alikuwa Sista, muuguzi mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyebakiza miaka miwili kustaafu.

"Ulipima kwa kifaa gani?"

"Kwa futi. Mimi ni fundi, duka langu lile pale."

"Na kipimo cha zamani umekijuaje?"

"Nimeandika. Nina daftari la miaka kumi na moja, na jingine la kabla ya hilo."

Sista alivuta kiti akakaa, kama mtu aliyeambiwa jambo zito akiwa amesimama. "Mimi hapa nawauliza kina mama, ulikuwa na urefu gani ulipokuwa kijana? Hakuna anayejua. Na wewe unayo yote, yameandikwa!"

Ndipo akamweleza. Mfupa si jiwe, alisema. Ni kitu kilicho hai, kinabomolewa na kujengwa kila siku. Hedhi ikishakoma, kubomoa kunazidi kujenga. Kwa wengine mfupa unakuwa na matundu ndani kama sifongo kavu. Pingili za mgongo zinabonyea moja moja, kimyakimya, hata bila mtu kuanguka. Mwenyewe anasema mgongo unauma, anapaka dawa, anaendelea na shughuli zake. Anachokiona ni nguo kuwa ndefu. Wengi hawajui kitu mpaka siku nyonga inapokatika.

"Alhamisi ndiyo siku yangu," Sista alisema. "Wanawake wa miaka sitini na mitano kwenda juu, na wa chini ya hapo wenye sababu. Nawauliza maswali, nawapima uzito na urefu, wenye hatari nawaandikia waende hospitali kuu kwenye mashine ya mifupa. Unajua Alhamisi iliyopita walikuja wangapi? Wawili. Na mmoja alikuwa anakimbia jua."

Basi Bi Futi akajitwika kazi ya kumleta Mwalimu, na ndipo alipojua maana ya kuchoka.

Alhamisi ya kwanza Mwalimu alikuwa na fundi bomba. Ya pili alikuwa na kikao cha wastaafu, ambacho Bi Futi aligundua baadaye kilikuwa Jumatano. Ya tatu alisema yeye anakunywa maziwa tangu utotoni, kwa hiyo mifupa ya watu wengine haimhusu.

"Mwaka jana ulilala wiki mbili na mgongo," Bi Futi alimkumbusha kwenye simu.

"Niliinua ndoo vibaya."

"Ndoo iliyojaa?"

"Nusu."

"Nusu ndoo, Mwalimu! Nusu ndoo ikulaze wiki mbili!"

"Ninachoona mimi ni fundi aliyeacha kushona akajifanya daktari. Gauni langu liko wapi?"

"Unalo wewe! Si uliondoka nalo mwilini?"

Alhamisi ya nne Mwalimu hakutoa sababu. Alizima simu tu. Bi Futi alipiga mara sita, kisha akaitupa simu kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa, na mkamwana wake akamwambia taratibu, "Mama, achana naye. Anza na wengine."

"Nikimpata huyu, wengine wote watakuja wenyewe," alijibu. "Nani atakayekataa akisikia Mwalimu kaenda?"

Lilikuwa wazo zuri, na hata baadaye hakuna aliyemlaumu kwa hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Alhamisi zikapita, nyingine kwa visingizio, nyingine kwa matusi ya heshima. Mwezi wa sita, siku ya Jumamosi mchana, binti yake Bi Posta alipiga simu. Mama alikuwa akitoka jikoni kwenda uani. Kuna kidato kimoja tu pale, hakifiki hata shubiri. Mkononi hakuwa na kitu. Ameanguka, nyonga imekatika.

Bi Futi akampigia Mwalimu kwa simu ya mkamwana wake, namba ambayo Mwalimu hakuijua, na alipopokea akasema, "Bi Posta yuko wodini. Kesho tunakwenda kumwona," akakata kabla hajajibiwa.

Walimkuta kitanda cha dirishani, mguu umefungiwa uzito, miwani yake juu ya kimeza ambacho mkono wake haukufika. Mwalimu aliichukua akamvisha.

"Miaka thelathini watu wamenipangia foleni," Bi Posta alisema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini bado yake. "Sasa mimi ndiye niko kwenye foleni ya chumba cha upasuaji. Nawaona walivyokuwa wananitazama kwa hasira pale dirishani. Walikuwa na haki." Alinyanyua ngumi ndogo agonge godoro, maumivu yakampitia, akaishusha.

Mwalimu alimuuliza ilivyokuwa, na Bi Posta akaeleza mara mbili, kwa sababu yeye mwenyewe bado hakuamini. Hakuteleza hasa. Mguu ulikanyaga, mwili ukafuata, basi. Bi Futi alitazama shuka, alitazama dirisha, alitazama kila kitu isipokuwa uso wa yule mwanamke, kwa sababu ile namba aliiandika kwa mkono wake, kwa penseli, na tarehe.

Walipofika getini Mwalimu akasimama, akatengeneza mkoba wake begani, akauliza huku akitazama barabara, "Hiyo Alhamisi ni saa ngapi?"

Miezi mitatu! Bi Futi alikuwa na maneno ya kujaza daftari jingine. "Saa mbili asubuhi," alisema, akatangulia kutembea.

Alhamisi hiyo Sista aliwakalisha kwenye chumba kidogo chenye ukuta uliochorwa namba za urefu. Mwalimu alijibu maswali kama mtu anayesahihisha mtihani wa mwenzake. Havuti sigara. Hanywi pombe. Hajawahi kuvunjika, "kwa ninavyojua."

"Dawa unazotumia?"

"Vidonge vya pumu tu. Vile vidogo vyeupe, kifua kikibana."

"Mara ngapi?"

"Karibu kila mwezi. Wakati mwingine miezi miwili mfululizo. Mwaka wa tisa huu."

Kalamu ya Sista ilisimama. "Hivyo vinadhoofisha mifupa, Mwalimu."

"Hakuna aliyeniambia."

"Na hakuna aliyekuuliza. Usiviache ghafla, ni hatari, daktari atakupangia. Lakini nitaandika hapa kwa herufi kubwa." Aliandika, akapiga mstari chini, kisha akageuka. "Na wewe?"

"Mimi nimemsindikiza," alisema Bi Futi.

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Kaa."

"Sista, mimi ni mzima. Ni presha tu."

"Umewahi kuvunjika?"

"Hapana."

Mwalimu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha shuleni, kile cha mtu aliyemwona mwanafunzi akiangalizia. "Na ule mkono?"

Bi Futi akamkata jicho. "Ule niliteleza pale bombani, miaka minne iliyopita."

"Ulianguka kutoka juu ya nini?" Sista aliuliza.

"Juu ya nini? Nilikuwa nimesimama tu."

"Mtu mzima akianguka kutoka kusimama, mkono ukavunjika, hilo nalihesabu. Mzazi wako yeyote aliwahi kuvunjika nyonga?"

Mama yake Bi Futi alianguka kutoka kwenye kigoda akiwa na miaka sabini. Kigoda cha chini, cha kukalia mtu akichambua mboga. Tangu siku ile hakutembea tena. Alibebwa kutoka kitandani kwenda kitini na kurudi, miaka minne, mpaka alipofariki. Nyumba nzima ilisema mguu wa kigoda ulikuwa umelegea. Bi Futi alikichoma moto kwa mikono yake mwenyewe, kwa hasira.

"Mama," alisema hatimaye. "Mama yangu."

"Na urefu wako wa zamani?"

Hakuujua. Madaftari mawili, migongo ya mji mzima, na yeye hakuwa na hata mstari mmoja. Mwalimu alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Huenda hiyo ndiyo siku pekee maishani mwake alipoacha kumsahihisha mtu.

Wote wawili waliandikiwa kwenda kwenye mashine. Laiti kufika ingekuwa ndiyo kupimwa! Safari ya kwanza mashine ilikuwa inasubiri kifaa. Safari ya pili mashine ilikuwa nzima, lakini mtaalamu wake alikuwa semina. Safari ya tatu mashine ipo, mtaalamu yupo, ila fomu ya Bi Futi haikuwa na muhuri, na mwenye muhuri ametoka kidogo. Karani wa dirishani alisema hivyo bila kunyanyua kichwa. Alikuwa bado hajamaliza sentensi Mwalimu alipopiga hatua moja mbele, akasema kwa sauti ile ya mstarini, "Kijana. Nyanyua uso ukiongea na watu wazima." Muhuri ulipatikana kwenye droo iliyokuwa mbele yake.

Kipimo chenyewe hakikuwa na lolote. Walilala kwenye kitanda bapa, mmoja baada ya mwingine, na mkono wa chuma ukapita juu yao polepole bila kuwagusa. Dakika kumi. Mwalimu alipigwa picha ya mgongo pia.

Wiki moja baadaye walikaa mbele ya daktari wa mifupa, mwanamke mwenye koti jeupe ambalo kola yake, Bi Futi aliona mara moja, ilishonwa na mtu mwenye haraka. Daktari aliwaeleza kwamba namba inasomwa kwenda chini ya sifuri, na ikifika mbili na nusu au kushuka zaidi, huo ni ugonjwa. Ya Mwalimu ilikuwa mbili nukta nne.

"Nimefaulu!" Mwalimu alimpiga Bi Futi bega. "Kwa nukta moja, lakini nimefaulu."

"Hapana, mama," daktari alisema, akageuza picha ya mgongo waione. "Pingili hii na hii zimebonyea. Zimevunjika zamani, pengine ile siku ya ndoo. Mwenye pingili zilizovunjika hivi, namba yoyote atakayopata, tunasema anao ugonjwa."

Mwalimu aliitazama picha, ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo nimetembea na mgongo uliovunjika mwaka mzima, nakunywa maziwa."

"Na wewe, mama," daktari akamgeukia Bi Futi, "yako ni mbili nukta tisa. Ya nyonga."

Bi Futi hakuwa na hofu; hofu ilikuja baadaye, alipokuwa anashuka ngazi ameshika ukuta. Wakati ule alikuwa na hasira tu. Alijikasirikia yeye mwenyewe, akakikasirikia kigoda ambacho hakikuwa na kosa. Alimkasirikia pia yule aliyemfunga plasta miaka minne iliyopita akamwambia, "Angalia unapokanyaga, mama," asimwambie neno jingine.

Waliandikiwa kidonge cha mara moja kwa wiki, pamoja na vya kila siku vya kuongeza madini ya chokaa mwilini. Kile cha wiki kilikuwa na masharti kama ya bibi arusi: asubuhi, tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha nusu saa bila kulala wala kuinama, la sivyo kinachoma koo. Walichagua Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu Mwalimu alipiga simu.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Umesimama?"

"Nimesimama, Mwalimu."

"Nasikia kitanda kinalia."

"Ni mlango!"

"Mlango wako una springi?"

Bi Futi alisimama. Kila Jumamosi ikawa hivyo, na kila Jumamosi alikata simu akiapa kwamba wiki ijayo hapokei.

Dukani alibadilisha mambo. Zulia lililokunjamana mlangoni alilitupa, waya wa pasi ukapitishwa ukutani, taa ikaongezwa juu ya ngazi ya kuingilia. Gauni la Mwalimu, lililoletwa tena, alilifumua lote, akaongeza kipande nyuma, akapunguza mbele, akatia mkunjo mdogo chini ya shingo ili kitambaa kifuate mgongo ulivyo sasa, si ulivyokuwa zamani. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, mbele, ubavuni, akasema, "Ungefanya hivi tangu mwanzo," na Bi Futi akauma meno mpaka akaondoka.

Sista alimpa karatasi ndogo za rufaa. Mwanamke yeyote ambaye daftari lilionyesha amepungua inchi moja na nusu au zaidi, au aliyewahi kuvunjika mkono kwa kuteleza tu, alipewa karatasi pamoja na nguo yake. Usidhani walishukuru. Mmoja alisema anarogwa. Mwingine alihamia kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye alimhakikishia kwamba bado ni mrefu kama mlingoti. Wa tatu aliichukua karatasi, akaikunja vizuri, akaitia chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa inayumba; Bi Futi aliiona huko kwa macho yake alipokwenda kumpelekea blauzi. Katika kumi na wawili aliowaandikia mwaka ule, saba walikwenda. Tabibu yule kijana alivuka barabara siku moja kuomba aone daftari, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, na hakusema tena habari za uzee.

Kwa Bi Posta alichelewa kwenda. Alituma salamu, alituma matunda, alimtuma mkamwana wake. Mwisho binti yake Bi Posta akapiga simu kuomba mama ashonewe nguo za kufungua ubavuni, maana za kupitisha kichwani zinamtesa, na hapo kisingizio kikaisha.

Bi Posta alikuwa amekaa barazani, kifaa cha kutembelea chenye miguu minne mbele yake. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na alitembea kutoka chumbani hadi pale barazani, akapumzika, akarudi. Arusi ya mjukuu alikuwa ameitazama kwenye simu. Bi Futi alimpima akiwa amekaa. Kisha akauviringisha utepe, akaufungua, akauviringisha tena.

"Bi Posta, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mwezi wa tatu, uliponiletea kile kitambaa cha arusi. Nilikupima nikakuta umepungua inchi tatu. Nilicheka na wewe, nikanyamaza. Nilikuwa nahangaika na Mwalimu."

Uani kuku alikuwa anaparua, na ndani binti yake alikuwa anaosha vyombo.

"Na ungeniambia," alisema Bi Posta, "unadhani ningekwenda?"

"Sijui."

"Ningekufukuza. Ningesema Bi Futi kazeeka, haoni namba." Alishika kifaa chake, akakisogeza karibu, uso umekunjamana kwa maumivu au kwa hasira, haikujulikana. "Lakini ungeniambia. Hata kama ningekufukuza, ungeniambia."

"Ndiyo," alisema Bi Futi.

"Ungerudi kesho yake, nikufukuze tena."

"Ndiyo."

"Basi." Bi Posta aligonga mkono wa kiti, ka!, na safari hii mkono ulifika. "Nishike, nisimame. Wamesema nitembee mara tano kwa siku, na huyu binti yangu ananihesabia mara tatu kuwa tano."

Bi Futi alimshika chini ya kwapa. Walikwenda mpaka mwisho wa baraza na kurudi, wawili hao wenye mifupa ya sifongo, taratibu, wakibishana njia nzima ni nani anayemwegemea mwenzake.